Kompyuta mpya, ulinzi upi? Maswali ya kujibu kabla hujalipia antivirusi

Ukinunua kompyuta mpakato Dodoma mjini, ushauri wa antivirusi utaupata kabla hujafika nyumbani. Muuzaji atakuonyesha kikasha cha Kaspersky kilichopangwa nyuma ya kioo. Fundi wa duka la pili atakwambia usipoteze hela, yeye anayo ya kukuwekea bure. Ukiiwasha mashine utakuta McAfee ya majaribio imeshakaa humo, inakuhesabia siku. Na mdogo wako anayesoma UDOM atasema Windows ina ulinzi wake, usiweke kitu. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, ndiyo maana mtu anatoka hapo amechanganyikiwa kuliko alivyoingia.

Tatizo ni mpangilio wa maswali. Wengi tunaanza na "antivirusi ipi nzuri?", na hilo kwa haki yake ni swali la tatu. Kwanza uliza kama mfumo ulio kwenye kompyuta bado unahudumiwa na aliyeutengeneza. Pili, uliza umewekwaje. Majibu ya hayo mawili yakiwa mabaya, hakuna kikasha cha dukani kitakachokusaidia. Yakiwa mazuri, kuna uwezekano mkubwa kwamba huna haja ya kununua antivirusi kabisa, na hela hiyo ina kazi bora zaidi.

Mfumo bado unahudumiwa?

Antivirusi hukagua mafaili na mienendo ya programu. Haizibi matundu ya mfumo wenyewe. Hiyo ni kazi ya masasisho ya Windows. Dunia nzima iliuona umuhimu wa jambo hili mwaka 2017. Mwezi Machi, Microsoft ilitoa kiraka cha tundu lililokuwa kwenye sehemu ya Windows inayoshughulikia kugawana mafaili ndani ya mtandao mmoja. Mwezi Mei, WannaCry ikapita kwenye tundu hilohilo, ikafunga mafaili ya kompyuta katika nchi zaidi ya 150 na kudai malipo ya bitcoin ili iyafungue. Hospitali za umma nchini Uingereza zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Haikuhitajika mtu abofye chochote. Kompyuta zilizokuwa zimewekewa kiraka cha Machi hazikupitika kwa njia hiyo.

Sasa tazama kilichopo sokoni kwetu. Kompyuta nyingi tunazoziita mpya ni mpya kwa mnunuzi tu: ni mtumba uliokwisha kutumika kwenye maofisi ya nje, ukasafishwa, ukaja na Windows 10. Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Upo mpango wa nyongeza wa kupata masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026, lakini hauji wenyewe, ni lazima ujiandikishe. Orodha ya virusi ya Microsoft Defender, ulinzi unaokuja ndani ya Windows, itaendelea kusasishwa kwenye Windows 10 hadi Oktoba 2028, na hapo ndipo watu wengi watakapodanganyika. Wataona alama ya kijani, waamini wako salama, kumbe matundu mapya ya mfumo hayazibwi.

Kwa hiyo, kabla hujatoa hela, soma namba ya prosesa. Kwa kompyuta za Intel, ukiona i5-6300U, ile 6 inayofuata kistari inakwambia ni kizazi cha sita. Ukiona i5-8250U, ni kizazi cha nane. Windows 11 inakubalika rasmi kuanzia kizazi cha nane, na cha saba kwa aina chache sana, pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Fundi anaweza kuilazimisha Windows 11 ikae kwenye mashine ya kizazi cha nne, na itawaka vizuri tu. Ila Microsoft yenyewe inasema mashine ya namna hiyo haina uhakika wa kupata masasisho. Ningekuwa mimi, ningeongeza fedha nipate kizazi cha nane badala ya kununua ya bei ya chini halafu niitafutie antivirusi ya kulipia. Kama ya zamani umeshainunua, iwekee Linux Mint, mfumo mwingine unaokaa mahali pa Windows. Ni ya bure, inapata masasisho, na kwa kuandika, kusoma barua pepe na kuperuzi inatosha kabisa.

Imewekwaje?

Hapa ndipo watu wengi wanapoumizwa bila kujua. Fundi anakukabidhi mashine akisema, "Hapo nimeshakuaktivetia kila kitu, Windows na Office." Mara nyingi maana yake ni kwamba ameweka programu ya kuvunja leseni. Programu hizo hukamatwa na antivirusi, kwa hiyo ili ifanye kazi ni lazima kwanza azime Defender, au aiambie isikague folda fulani. Mashine inakufikia ikiwa imeshatobolewa ulinzi kwa mkono wa mtu uliyemlipa.

Na kinachopita kwenye tobo hilo si lazima kiwe programu ya leseni peke yake. Mwaka 2021, kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi visakinishi bandia vya KMSPico, programu maarufu ya kuvunjia leseni, vilivyokuwa vimebeba Cryptbot. Hiyo huchota nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari na pochi za sarafu za kidijitali. Mwizi wa aina hii hapunguzi kasi ya kompyuta wala haandiki vitisho kwenye kioo. Anachukua na kuondoka, na wewe unakuja kushangaa baadaye akaunti yako ya barua pepe ikifunguliwa na mtu mwingine. Mafundi wengi nao hawajui kilichomo. Wamepakua faili mtandaoni kama wenzao wote, na wanadhani wanakusaidia.

Huna haja ya kugombana na mtu. Kagua mwenyewe. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika slmgr /xpr, kisha Enter. Dirisha dogo litajitokeza. Likisema leseni itakwisha tarehe fulani ndani ya siku 180, na kompyuta hiyo si ya ofisi wala chuo, ujue imepitishiwa njia ya KMS, yaani njia ya Microsoft ya kuaktivetia kompyuta za taasisi, maana leseni ya KMS hudumu siku 180 tu isipohuishwa. Likisema leseni ni ya kudumu, ni dalili nzuri, ingawa ziko mbinu nyingine za kuvunja leseni zinazotoa jibu hilohilo. Ndiyo sababu ukaguzi wa pili ni muhimu zaidi: fungua Windows Security, ingia kwenye sehemu ya virusi, nenda kwenye mipangilio, shuka hadi palipoandikwa "Exclusions". Hapo huorodheshwa mafaili na folda ambazo Defender imeamriwa kuziruka. Kwenye kompyuta ambayo ndiyo kwanza umeinunua, orodha hiyo inapaswa kuwa tupu. Ukikuta folda humo, au mbaya zaidi ukikuta diski C nzima, futa kila kitu na uweke Windows upya.

Na kuna jambo ambalo ningependa kila mnunuzi wa mtumba alijue. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, watengenezaji wakubwa wa kompyuta huandika ufunguo wa leseni ndani ya bodi ya mashine yenyewe. Ukiweka Windows ya toleo lilelile, mathalani Pro kwa mashine iliyozaliwa na Pro, ikipata intaneti inajitambua yenyewe kuwa halali. Kompyuta nyingi za maofisini zilizoletwa hapa zilinunuliwa zikiwa na Windows Pro. Kwa maneno mengine, kuna watu wamewekewa Windows ya wizi juu ya mashine yenye leseni yake halali. Faili la Windows 11 linapakuliwa bure kwenye tovuti ya Microsoft. Ni zito, zaidi ya GB 5, kwa hiyo usilishushe kwa bando lako kama unaweza kupata Wi-Fi ya chuo au ya ofisi.

Defender inatosha?

Kwa watu wengi, ndiyo. Microsoft Defender si ile programu hafifu ya miaka ya nyuma. Maabara ya AV-TEST ya mjini Magdeburg, Ujerumani, hupima antivirusi kwa mambo matatu: uwezo wa kuzuia, kasi ya kompyuta inavyoathirika, na kama programu inapiga kelele za uongo kwa mafaili salama. Kila kipengele kina pointi 6, jumla 18. Kwa miaka kadhaa sasa Defender imekuwa ikipata alama kamili au karibu nazo, ikisimama mstari mmoja na zile za kulipia.

Ina udhaifu mmoja ambao kwa mazingira yetu haufai kufichwa. Defender hutegemea sana intaneti. Ikikutana na faili isilolifahamu, huuliza seva za Microsoft na kujibiwa papo hapo. Bila intaneti inabaki na orodha iliyonayo, na vipimo vya AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, vimeonyesha kuwa hapo uwezo wake hushuka kuliko wa washindani wengi. Mtu wa Area D mwenye Wi-Fi nyumbani hili halimhusu sana. Linamhusu katibu wa kikundi cha wakulima wa zabibu kule Hombolo, anayewasha bando mara moja kwa wiki, na siku nyingine zote anapokea mafaili kwa flashi. Huyo ana sababu ya kweli ya kufikiria Bitdefender, ESET au nyingine yenye nguvu hata ikiwa nje ya mtandao. Akibaki na Defender, basi siku anapowasha bando, jambo la kwanza liwe kufungua Windows Security na kuamuru orodha ya virusi isasishwe, kabla hajagusa WhatsApp wala kitu kingine. Microsoft pia hutoa faili la masasisho ya Defender linaloweza kushushwa kwenye kompyuta nyingine na kubebwa kwa flashi safi.

Ukiamua kubaki na Defender, kuna kinga moja ndani yake ambayo kwa kawaida huja imezimwa: "Controlled folder access", kwenye ukurasa wa kujikinga na virusi vya kuteka mafaili. Ukiiwasha, programu isiyoaminika haiwezi kubadilisha kitu ndani ya Documents na Pictures. Siku za mwanzo itakusumbua kidogo kwa kuzuia hata programu zako halali, nawe utaziruhusu mojamoja. Usumbufu huo una faida kubwa kwa mtu mwenye tasnifu au hesabu za watu.

Usiweke antivirusi mbili. Ukisakinisha nyingine, Defender hujizima yenyewe na kuiachia kazi. Hilo ni sawa. Ila ukiweka Avast juu ya Kaspersky, zote mbili zitagombania kila faili linalofunguliwa, na mashine ya RAM GB 4 haitachukua muda kuelemewa. Vivyo hivyo, ile McAfee ya majaribio: amua mapema. Ama uilipie, ama uiondoe kabisa kupitia Settings kisha uhakikishe Defender imewaka. Kuiacha muda wake ukaisha ikiwa bado imekaa humo ni kukaribisha utata ambao hauna faida yoyote.

Flashi ya steshenari

Ungeniuliza ni njia gani virusi vinaingia zaidi kwenye kompyuta za wanafunzi na watumishi wa Dodoma, ningekuelekeza kwanza kwenye steshenari, pale kila mtu anapochomeka flashi yake kwenye kompyuta moja ili aprinti. Inafaa kuelewa kinachotokea pale, maana hofu nyingi za antivirusi "kula kazi za watu" zinatokana na jambo hili.

Umeprinti, umerudi hosteli, umefungua flashi. Badala ya mafaili yako unaona alama moja tu, yenye jina la flashi yenyewe na kamshale kadogo pembeni. Hiyo ni njia ya mkato. Kirusi kimekusanya mafaili yako yote, kikayatia kwenye folda iliyofichwa, mara nyingine folda ambayo jina lake ni nafasi tupu, halafu kikaacha mlango mmoja tu. Ukiubofya, mambo mawili hutokea kwa pamoja: kirusi kinaingia kwenye kompyuta yako, na dirisha lenye mafaili yako linafunguka kama kawaida. Unaona kila kitu kipo, unaendelea na kazi. Kuanzia hapo kila flashi itakayochomekwa kwenye mashine yako inaambukizwa.

Antivirusi ikiwa macho, itakifuta kile kijimlango. Sasa flashi inaonekana tupu kabisa, na mwenye flashi anapiga kelele kwamba sura tatu za utafiti zimeliwa. Hazijaliwa. Mafaili bado yapo, yamefichwa tu. Usiformati flashi. Andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, fungua, kisha kama flashi yako ni E, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na ubonyeze Enter. Folda iliyofichwa itajitokeza na kazi yako ikiwa ndani. Nakili unachokihitaji, kagua kwa Defender, ndipo uformati.

Namna ya kuepuka ni nyepesi kuliko tiba: kazi ya kuprinti igeuze PDF, itume kwa barua pepe au WhatsApp ya steshenari, flashi ibaki nyumbani. Pale ambapo hakuna njia ila flashi, tenga moja ya kuprintia tu, isiyo na kitu kingine.

Jambo la pili la kuweka sawa siku ya kwanza ni Windows kuonyesha mikia ya majina ya mafaili. Kwa kawaida huificha. Faili lililoitwa fomu_ya_mkopo.pdf.exe litaonekana kwako kama fomu_ya_mkopo.pdf, tena likiwa na picha ya PDF, ilhali ni programu. Kwenye Windows 11, fungua folda yoyote, bonyeza View, kisha Show, kisha uwashe "File name extensions". Jambo hili linachukua chini ya dakika moja, na kwa maoni yangu lina thamani kuliko nusu ya vikorombwezo vinavyouzwa pamoja na antivirusi.

Ukiamua kulipia

Kulipia kuna mantiki kwa familia yenye kompyuta na simu kadhaa, kwa mzazi anayetaka kusimamia muda wa watoto mtandaoni, kwa ofisi ndogo inayohitaji mtu mmoja aone hali ya mashine zote, na kwa yule wa Hombolo niliyemtaja. Usilipie kwa sababu ya "kusafisha" kompyuta au "kuongeza kasi". Hayo ni mapambo.

Za bure zisikupumbaze pia. Mwaka 2024, Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliitaka Avast ilipe dola milioni 16.5 kwa kuuza taarifa za tovuti ambazo watumiaji wake walikuwa wakitembelea, kupitia kampuni yake tanzu ya Jumpshot iliyofungwa mwaka 2020. Programu iliyoahidi kuwakinga watu wasifuatiliwe ndiyo iliyokuwa ikiwafuatilia. Kuna na hili: Norton, Avast, AVG na Avira, majina manne yanayoonekana kushindana, sasa yote yako chini ya kampuni moja, Gen Digital.

Kaspersky ina suala lake. Makao yake makuu yako Moscow, na Juni 2024 Marekani ilipiga marufuku kuuzwa kwake nchini humo, ikazuia na masasisho kuanzia mwishoni mwa Septemba mwaka huo. Katazo hilo ni la Marekani, halitufungi sisi, na kwenye vipimo vya maabara programu hiyo imekuwa ikifanya vizuri kwa miaka mingi. Kwa mtu binafsi, ni uamuzi wake. Kwa mtumishi anayebeba nyaraka za ofisi pale Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, uamuzi si wake hata kidogo. Aende kitengo cha TEHAMA, na asiweke antivirusi yoyote kwenye mashine ya serikali kwa hiari yake.

Ukinunua mtandaoni, tazama bei ya mwaka wa pili. Ya mwaka wa kwanza huwa ni ya kuvutia wateja, kisha kadi inakatwa yenyewe kwa bei kubwa zaidi. Zima malipo ya kujirudia mara tu baada ya kununua. Huduma itaendelea hadi muda uliolipia uishe. Na kikasha cha dukani, angalia kama hakijafunguliwa na kama leseni ni ya eneo letu.

Hela utakayookoa kwa kubaki na Defender, nunulia diski ya nje. Hakuna antivirusi inayokamata kila kitu, na dhidi ya virusi vinavyoteka mafaili hakuna kinga inayoizidi nakala iliyo mbali na kompyuta. Ichomeke unaponakili, ichomoe ukimaliza. Diski inayoachwa imechomekwa hutekwa pamoja na kompyuta. Katibu mwenye majina na namba za simu za wanakikundi anapaswa pia kukumbuka kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka azitunze taarifa hizo kwa usalama, kwa hiyo diski hiyo nayo iwekewe nywila.

Antivirusi haitakuzuia kuandika nywila yako kwa hiari kwenye ukurasa bandia. Kwa hilo, washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye barua pepe kabla ya akaunti nyingine yoyote, kwa sababu anayeshika barua pepe yako anaweza kubadilisha nywila za kila kitu kingine. Na ukiona onyo kali kwenye kona ya kioo kwamba McAfee yako imekwisha wakati hujawahi kuwa nayo, hilo ni tangazo linalopitia kivinjari. Nenda kwenye mipangilio ya kivinjari, sehemu ya arifa, uondoe ruhusa ya tovuti inayolituma.

Ukimaliza yote haya, jaribu kama ulinzi uko kazini. Taasisi ya EICAR inatoa kwenye tovuti yake faili la herufi 68 lisilo na madhara yoyote, ambalo antivirusi zote zimekubaliana kulichukulia kama kirusi. Lishushe. Likizuiwa au likifutwa ndani ya sekunde chache, ulinzi wako unafanya kazi. Likikaa kimya kwenye folda ya Downloads, rudi kwenye ile orodha ya "Exclusions" uanze upya.